Nakala ya Watu wa Ng'ambo

Watu wengi mjini waliijua sauti ya Mama Pacha kabla ya kuiona sura yake. Kwa miaka mingi alikuwa mpokea simu wa hospitali. Alikaa kwenye kijumba cha kioo karibu na lango, akiunganisha wodi na wodi, akiwatuliza waliopiga huku wanalia mpaka apate neno la maana kutoka kwao. Sauti yake ilikuwa nzito, haikufanana hata kidogo na mwili wake mwembamba, na mumewe, ambaye ni seremala, alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye aliposa kwa masikio, macho yakafuata baadaye. Simu za mkononi zilipoenea, kijumba kikafungwa. Wakubwa hawakujua wampeleke wapi mtu ambaye kazi yake ni kuongea, mpaka daktari wa kitengo cha damu aliposema, nipeni mimi.

Kitengo cha damu kilikuwa na vyumba kwenye korido moja: chumba cha kutolea damu, ofisi ya Daktari, ofisi ndogo ya Mama Pacha, na maabara mwisho kabisa. Kazi yake mpya ilikuwa kuwaita wachangiaji. Damu nyingine hupatikana bila shida, lakini wenye kundi O hasi ni wachache, na mgonjwa wa kundi hilo hawezi kupewa damu ya kundi jingine. Basi kila alipohitajika mtu wa namna hiyo, Mama Pacha alifungua kompyuta, akatafuta, akapiga. Hakuwa na mbwembwe. Alijitaja, akasema kuna mtu anahitaji damu, akanyamaza. Wengi walikuwa wameshavaa viatu kabla hajakata simu. Walimpenda, wakamwalika kwenye harusi zao, hadi mumewe akaanza kulalamika kwamba suti yake inachakaa kwa ajili ya damu za watu.

Orodha ya wachangiaji ilikaa kwenye programu aliyoitengeneza shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi. Aliitengeneza bure. Alisema anakula kwao kila Jumapili, basi na yeye achangie kwa vidole. Kila mchangiaji alikuwa na ukurasa wake: jina, simu, mtaa, kundi la damu, mara ya mwisho kutoa, na nafasi ndogo chini ya kuandikia lolote. Mwanzoni programu nzima ilikuwa faili moja ndani ya kompyuta ya Mama Pacha. Akitaka nakala, alilinakili faili hilo kwenye flashi, na mambo yakaisha.

Halafu maabara nao wakataka kuiona orodha. Shemeji akaja akaigawa. Data zote akazihamishia kwenye kompyuta ya maabara, na kwenye kompyuta ya Mama Pacha akaacha kurasa tu za kuzitazamia, kupitia waya wa mtandao. Alimweleza alichofanya. Siku hiyo simu zilikuwa zinalia mfululizo, na Mama Pacha aliitikia "sawa, shemeji, ndiyo, shemeji," jinsi mtu anavyomwitikia fundi bomba anayeeleza habari za mabomba. Kesho yake skrini ilikuwa ileile, rangi zilezile, majina yaleyale. Hakuona kilichobadilika, akasahau.

Mwaka ukapita. Ng'ambo ya mto ikafunguliwa hospitali ndogo, nayo ikapewa chumba cha kutolea damu. Asubuhi moja Daktari akamwita. Alikuwa mama mtu mzima, wa maneno machache, mwenye tabia ya kufuta miwani yake anapofikiri. Akasema wenzao wa ng'ambo wanahitaji orodha ya wachangiaji wa kwao. Mtandao wa kule ulikuwa wa kuvizia, leo upo kesho haupo, kwa hiyo haifai wategemee kuchungulia ya huku.

"Nataka nakala inayojitegemea," alisema. "Waya ukatike, sisi tufunge, wao waendelee na kazi."

Akaongeza sharti moja. Nakala hiyo iwe na watu wa ng'ambo tu. Habari za damu ya mtu ni siri yake, na hakuna sababu watu wa mjini wasambazwe kwenye ofisi wasiyoijua.

Mama Pacha akaona ni kazi ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Akalinakili lile faili la kwenye kompyuta yake, akalibandika pembeni, akalipa jina jipya: NAKALA NG'AMBO. Akalifungua kuhakikisha. Wote wamo. Akachuja kwa mitaa mpaka wa mjini wakajitokeza peke yao, mstari chini ya mstari, mamia kwa mamia. Akawachagua kwa mkupuo, akabonyeza kitufe cha kufuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana hawatarudishika. Akabofya ndiyo. Skrini ikapepesa kidogo, majina yakaondoka, wakabaki watu wa ng'ambo. Alijisikia vizuri, kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja mkubwa. Akajinyoosha mgongo, akakishika kipanya ili aifunge programu, na simu ya mezani ikalia.

Ilikuwa wodi ya wazazi. Kuna mama amejifungua asubuhi ile, damu haikati, na ni O hasi. Mifuko miwili iliyokuwa kwenye jokofu inaandaliwa maabara sasa hivi ipelekwe chumba cha upasuaji. Watahitaji mingine, tena haraka. Mama Pacha akasema ameelewa. Akaiacha nakala ilivyo, akafungua programu ya kila siku, ile ya asili, akaandika kundi analolitaka.

Wakatokea watu watatu, wote wa ng'ambo.

Akadhani ameandika vibaya. Akafuta, akaandika upya, polepole, herufi moja moja. Watatu walewale. Akamtafuta fundi cherehani, O hasi anayemjua kama ndugu yake. Hayumo. Akajitafuta mwenyewe, kwa kuwa naye ni mchangiaji. Hayumo. Akarudi kwenye nakala, akaenda kwenye ya asili, akarudi tena. Zilikuwa sawasawa, kama mtu na kioo chake.

Hakuelewa imekuwaje, lakini mikono ilijua la kufanya kabla ya akili. Akawapigia wale watatu. Wa kwanza simu yake imezimwa. Wa pili alikuwa safarini, mbali. Wa tatu akasema anakuja, ila kutoka kwao mpaka avuke mto na kufika hospitali si jambo la dakika chache. Mama Pacha akamwambia aje tu, aje hivyohivyo.

Nje ya dirisha la ofisi yake kulikuwa na benchi la kusubiria. Mwanaume mmoja alikuwa ameketi hapo, mkoba wa nguo za mtoto mapajani, amevaa shati lenye vumbi la chaki kwenye mikono. Alikuwa anamtazama. Mama Pacha hakuhitaji kuambiwa ni nani. Mtu anayesubiri damu humtazama kila anayeshika simu.

Hapo likamjia wazo, na lilimjia kwa upole sana: aseme kompyuta imekufa. Kompyuta hufa kila siku na hakuna anayelaumiwa. Shemeji ataitwa, atakuna kichwa, na jina la Mama Pacha halitatajwa popote. Alilishika wazo lile kwa muda, akilitazama huku na huku. Kisha akainuka, akapita mbele ya yule mwanaume bila kumwangalia, akabisha mlango wa Daktari.

"Daktari, nimewafuta wachangiaji wa mjini. Wote."

"Kwenye nakala. Si ndivyo nilivyokuagiza?"

"Nimefuta kwenye nakala, wameondoka na huku kwetu. Sijui kwa nini. Na kuna mama wodi ya wazazi anavuja damu, ni O hasi."

Daktari alivua miwani, lakini hakuifuta. Akauliza nani mwingine anajua. Mama Pacha akasema hakuna. Daktari akamwambia ampigie shemeji yake, na baada ya hapo ampigie yeyote anayemkumbuka kwa kichwa. "Ya lawama tutayakuta mbele," alisema, akavaa miwani, akatoka kwenda chumba cha upasuaji mwenyewe.

Shemeji alipokea akiwa na utani mdomoni kama kawaida, akitaka kujua leo kaka yake amemuudhi nini. Aliposikia sauti ya shemeji yake utani ukamkauka. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umeifunga?" aliuliza.

"Bado. Zote mbili ziko wazi."

"Usizifunge. Shemeji, nisikilize vizuri. Ulichonakili ni mlango, hukunakili chumba. Milango miwili, chumba kimoja, nacho kiko maabara. Ulichokitupa nje kwa mlango huu, kwa mlango ule pia hakimo."

"Hawawezi kurudi?"

"Wapo bado. Kompyuta ikifuta haichomi, inaandika tu kwamba hapa pako wazi. Lakini mimi mjinga niliweka fagio. Programu ikifungwa kistaarabu, inazoa vilivyofutwa ili faili lisivimbe. Ukifunga, ndiyo kwaheri. Nenda maabara ukang'oe plagi ya ile kompyuta ukutani. Usiizime. Ing'oe."

Mama Pacha alikuwa ameonywa miaka yote kwamba kompyuta huuawa hivyohivyo. Akauliza tena kama ndiyo kung'oa. Shemeji akasema ndiyo, naye anakuja.

Kabla hajatoka ofisini aliingia Sindano, muuguzi wa kutoa damu, kijana mnene mwenye mkono mwepesi kuliko wote pale hospitalini. Alikuwa na mazoea ya kukaa kwenye kiti cha Mama Pacha na kujifungulia mambo yake kwenye kompyuta. Mama Pacha akamshika bega, akamwambia asimame hapo mlangoni, asiruhusu mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, kuigusa kompyuta ile. Sindano akataka kuuliza, akaiona sura ya mwenzake, akafunga mdomo.

Korido ile aliipita kila siku bila kuiona. Siku hiyo ilikuwa ndefu. Alitaka kukimbia lakini yule mwanaume wa kwenye benchi alikuwa anamfuata kwa macho, na alijua akikimbia atamtia kiwewe. Basi akatembea, roho mkononi.

Maabara alikuwemo mtaalamu mmoja tu, waliyemwita Darubini kwa jinsi anavyokukazia macho akizungumza nawe. Alikuwa mbele ya ileile kompyuta. Mama Pacha akamwambia kwa maneno mafupi anachotaka kufanya na kwa nini. Darubini hakugeuka.

"Ile mifuko miwili ni ya yule mama," alisema. "Napima kama inapatana na damu yake, na lebo ziko kwenye mashine hii. Nikikosea lebo tunamuua sisi. Subiri."

"Ikijifunga yenyewe je?"

"Haijifungi. Subiri."

Akasubiri. Kusimama kando ya plagi na kuitazama bila kuigusa, wakati kule ofisini mlinzi wako ni Sindano, si jambo dogo. Akaona heri aitumie nafasi ile. Akatoa simu yake na kumpigia fundi cherehani, ambaye namba yake alikuwa nayo kwa sababu ndiye aliyewashonea pacha wake sare za shule tangu darasa la kwanza.

Nyuma ya sauti ya fundi ilisikika mashine ikichapa. Alipoelezwa, mashine ikanyamaza. Akasema kwa masikitiko kwamba yeye ametoa mwezi uliopita tu, hawatamruhusu. Mama Pacha akafumba macho. Ndipo fundi akamwambia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: siku ya ile ajali kubwa ya basi, watu wa O hasi waliitwa kwa pamoja, wakakaa kwenye benchi moja nusu siku, wakapeana namba. Tangu hapo wana kikundi chao kwenye simu. Hutakiana heri, huulizana hali, na wakati mwingine hugombana kuhusu mpira.

"Tunajiita Wagumu Kupatikana," alisema fundi. "Ngoja niwatafute. Wewe usikate tamaa, mama."

Printa ikatema lebo. Darubini akazisoma moja moja, akazilinganisha na mifuko, akazibandika, akasoma tena. Kisha akasogeza kiti nyuma na kumpisha. Mama Pacha akainama chini ya meza, kwenye vumbi na nyaya, akaishika plagi kwa mikono miwili, akaing'oa. Kompyuta ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Chumba kikawa kimya kiasi kwamba lilisikika jokofu la damu.

Alirudi ofisini. Kwenye skrini yake kulikuwa na ujumbe kwamba data hazipatikani. Akaing'oa na yake.

Kuanzia hapo hakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiko kulikomshinda. Yule mwanaume akaja dirishani. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani.

"Dada, wanakuja?"

"Wanaitwa, ndugu yangu."

"Wangapi?"

Mama Pacha akamwambia akae, akipata habari atamletea. Mwanaume akashukuru, na shukrani ile ilimchoma Mama Pacha kuliko tusi.

Wa kwanza kufika alikuwa dada wa duka la dawa, amekuja na koti lake jeupe la kazini, anahema. Kadi yake ya mchangiaji ilikuwa kwenye pochi, tarehe zote zimeandikwa. Sindano akampima, akamlaza, akamtoboa, na mfuko ukaanza kujaa. Darubini akawa anakwenda na kurudi na vichupa vyake vya vipimo, akiandika kwa kalamu.

Wa pili alikuwa mchomeleaji wa mageti, mwanaume wa miraba minne, mikono imejaa makovu ya cheche. Kadi alikuwa ameipoteza siku nyingi. Alianza kukunja shati kabla hajaambiwa. Mama Pacha akamtazama na kitu kikamgonga kichwani: kwenye ile nafasi ndogo ya chini kulikuwa na maelezo kuhusu mtu mmoja wa O hasi, kwamba aachwe apumzike, damu yake ni pungufu. Lakini ni huyu au ni mwingine? Alijaribu kuuona ukurasa ule kichwani, asiuone. Angenyamaza, wangepata mfuko wa pili palepale. Akamwita Sindano pembeni.

"Huyu mpime wingi wa damu kwa makini. Nadhani kuna kitu juu yake, sina hakika."

Wakampima mara mbili. Damu yake ilikuwa chini mno. Mchomeleaji akakasirika, akasema yeye ni mzima kama chuma, akataka atobolewe kwa jukumu lake mwenyewe. Ilibidi Sindano amkalishe na kumweleza taratibu kwamba akitoa siku hiyo watakuwa na wagonjwa wawili. Aliondoka amenuna. Alipofika nje akakaa kwenye benchi, kando ya yule mwanaume mwenye mkoba, na hakuondoka tena.

Baada ya hapo hakuja mchangiaji mwingine kwa muda mrefu. Muuguzi wa wodi ya wazazi alikuja kuchukua mfuko wa kwanza, akauliza kwa macho, Mama Pacha akatikisa kichwa. Halafu wakafika wawili kwa mpigo, mlinzi wa shule na mwanafunzi wa chuo cha ualimu, wote wawili wametumwa na fundi cherehani, ambaye naye alikuwa nyuma yao, amekuja kuhakikisha kwa macho yake. Mifuko ikajaa. Jioni ilipoanza kuingia, Daktari akatoka chumba cha upasuaji na aproni bado mwilini, akasimama mlangoni mwa ofisi ndogo, akasema damu imekata. Mama yuko hai. Amechoka sana, lakini yuko hai.

Yule wa ng'ambo alifika wakati huo, amelowa mpaka magotini. Akatoa hivyohivyo. Alisema hakuvuka mto kuja kunywa soda.

Mama Pacha alidhani ukishaisha mzigo wa siku ile atalia. Hakulia. Daktari alikuwa amemwambia kwamba familia ina haki ya kujua palikuwa na ucheleweshaji, na kwamba yeye Daktari yuko tayari kuwaeleza. Mama Pacha akasema atakwenda mwenyewe. Akamkuta yule mwanaume kwenye benchi lilelile, mkoba sasa umefunguliwa, anazikunja upya nguo ndogo ambazo hazikuhitaji kukunjwa. Mchomeleaji akawapisha. Mama Pacha akaketi, akamweleza yote: nakala, kitufe, orodha iliyotoweka. Hakuweka neno "kompyuta" mbele ili ajifiche nyuma yake.

Mwanaume alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama angekufa," alisema, "ungekuja kuniambia?"

"Sijui," Mama Pacha akajibu. "Nisikudanganye. Sijui."

Mwanaume akaendelea kukunja. Mwishowe akasema kwamba bado hana hasira, pengine itakuja, na ikija atamtafuta. Akainuka kwenda wodini. Hakumpa mkono. Mama Pacha alikaa pale kidogo, kisha akaenda nyumbani. Mumewe alipomuuliza siku ilikuwaje, alimsimulia akiwa amesimama, mkoba wake wa kazini bado begani, na seremala hakuwa na mzaha wa kumpa. Alimvua mkoba begani.

Kompyuta ya maabara, ambayo shemeji alikuja kuichukua siku ileile, ilikaa kwenye kibanda chake siku kadhaa. Aliinama juu yake kama daktari wa meno, akilichokoa lile faili kwa programu za kufufua vilivyofutwa. Wengi walirudi wazima. Wengine walirudi vipandevipande: jina bila namba, namba bila jina, tarehe za mtu mmoja zimekaa kwa mwingine. Wachache hawakurudi kabisa. Shemeji hakutania tena kwa wiki nzima. Aliwaambia kaka yake na shemeji yake mezani kwamba fagio aliliweka yeye, na kwamba kuweka fagio bila kuweka akiba ni uzembe wa fundi, si wa mtumiaji. Mama Pacha akamjibu kwamba aliyebofya ndiyo ni yeye. Walivutana hivyo, kila mmoja akitaka fungu kubwa zaidi la kosa, mpaka seremala akawaambia waanze kula, chakula kinapoa.

Daktari aliandika taarifa kwa wakubwa, akaweka makosa yote mahali pake, na lake pia, la kutouliza nakala ingejaribiwaje. Mama Pacha akaonywa, akabakishwa kazini. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuwapigia wachangiaji wote, mmoja mmoja, kuhakiki kila neno. Alianza na mchomeleaji, ambaye alisema anakula maini kila siku sasa na anataka kupimwa upya.

Orodha ilipotengemaa, Daktari akamkumbusha kwamba ng'ambo bado wanasubiri nakala yao. Mama Pacha akaomba waifanye pamoja na shemeji, kibandani kwake, mbali na waya wowote wa hospitali. Safari hii hawakunakili mlango. Shemeji alifungua faili jipya tupu, akaziingiza data zenyewe ndani yake kutoka kwenye flashi, siyo viungo vya kuzifuata maabara, kisha akaingiza kurasa za kuzitazamia na kuzielekeza kwenye chumba chao kipya. Akamwona Mama Pacha ameiweka mikono mapajani kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani.

"Sasa futa mtu," akamwambia.

"Simfuti mtu."

"Nifute mimi. Mimi ni shemeji tu, nitarudi Jumapili."

Mama Pacha alichelewa sana kukibonyeza kile kitufe. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Akabofya. Jina la shemeji likaondoka kwenye nakala. Kisha Mama Pacha akampigia Sindano, aliyekuwa ofisini mbele ya ile ya asili, akamwomba atafute jina hilo. Upande wa pili vidole vikasikika vikigonga. Shemeji akasogeza sikio karibu na simu, ingawa ni yeye aliyejisemea afutwe.

"Yupo," alisema Sindano. "Kundi B chanya. Mara ya mwisho kutoa damu ni lini, mbona hapa hapajaandikwa kitu?"

Mama Pacha akamwangalia shemeji yake. Shemeji akaangalia dari.

Ndipo wakawaondoa watu wa mjini kwenye nakala, wakahakiki tena na Sindano, na Mama Pacha akaibeba flashi kuvuka mto. Mpokezi wa hospitali ile mpya alikuwa baba wa makamo, mcheshi, aliyekwisha kuipangusa meza na kuiwekea kompyuta kitambaa. Mama Pacha akaiweka nakala ndani, na kabla ya kuifungua akachomoa waya wa mtandao nyuma ya mashine, akauweka mezani waziwazi. Mpokezi akashangaa. Alidhani mgeni amekuja kuwaunganisha, siyo kuwakata. Akauliza kama aurudishe.

"Bado," alisema Mama Pacha. Sauti yake nzito ilikuwa imetulia, lakini alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Kwanza tafuta jina lolote."

Mpokezi akavuta kiti, akaandika polepole kwa kidole kimoja jina la jirani yake, akabonyeza, na ukurasa ukafunguka. Akaanza kuusoma kwa sauti: jina, mtaa, kundi la damu. Mama Pacha akamwambia asome na la pili. Akamsomesha mpaka la kumi, na ndipo yeye mwenyewe alipovuta kiti akaketi.